Barua kwa mwenzangu anayenunua gari lake

Rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera. Nimefurahi mno kusikia kwamba unaachana na lori la tajiri na unataka kushika usukani wa la kwako. Udereva unaujua, milima unaijua, breki unazijua, huko sina la kukufundisha. Ninachokuandikia ni habari ya pesa, maana nimeona madereva hodari wakinyang'anywa magari, na sijaona hata mmoja aliyenyang'anywa kwa kutojua kuendesha.

Wengi wanadhani hatari iko kwenye mkopo wa gari. Mimi naiona kwingine. Mkopo wa gari una tarehe na una kiasi, kwa hiyo unaweza kuupangia. Deni linalommaliza mtu ni lile dogo analochukua ili gari liweze kutoka wiki hii: mafuta ya kukopa, tairi la kukopa, kianzio cha dalali wa mizigo, yaani pesa anayokutangulizia, kinachokatwa baadaye pamoja na faida yake. Na sababu yake ni moja tu. Dizeli unailipia leo pale kwenye pampu, lakini mwenye mzigo anakulipa baada ya siku 30, wengine 60. Katikati hapo gari linatakiwa liendelee kutembea. Mtu ana kazi, ana mizigo, ana ankara mkononi zinazoonyesha kwamba amepata, na mfukoni hana kitu.

Ndiyo maana nakuomba usimalizie akiba yako yote kwenye malipo ya awali. Najua muuzaji atakwambia kwamba ukilipa kingi mwanzoni rejesho linapungua, na ni kweli. Lakini baki na pesa ya kuendesha gari miezi 2 bila kulipwa na mtu: mafuta, rejesho, bima, matumizi ya nyumbani. Ikiwa hilo litakulazimu uchukue gari la zamani kidogo ambalo injini yake imekaguliwa na fundi unayemwamini wewe, chukua hilo. Aliyenunua gari linalong'aa akabaki mtupu anaanza kukopa tangu tripu ya kwanza.

Jamaa mmoja niliyekuwa nikipakia naye alizoea kuuza ankara zake, yaani kumwachia mtu mwingine haki ya kulipwa na mwenye mzigo. Anampelekea mnunuzi karatasi, anakatwa asilimia 3, anaondoka na pesa siku hiyo hiyo. Tatu inasikika ndogo. Lakini pesa ile ingemjia yenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo ile ni asilimia 3 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita 36. Ubaya zaidi ni kwamba ankara ya mwezi huu ukishaiuza na kuitumia, mwezi ujao huna cha kusubiria, lazima uuze tena. Alipotaka kuacha hakuweza, mpaka gari likaenda. Si kwamba njia hiyo haifai kabisa. Siku ya dharura inaokoa. Ila ukiifanya kuwa mazoea, kila mzigo unaubeba kwa bei pungufu.

Sasa kuna hesabu moja nataka uifanye kabla hujapokea mzigo wowote: kilomita 1 inakugharimu kiasi gani? Weka upande mmoja vile vinavyolipwa hata gari likilala, yaani rejesho, bima, leseni, maegesho. Gawanya kwa kilomita unazotarajia kutembea mwezi huo. Ukitembea 8,000 unapata gharama fulani kwa kilomita. Ukitembea 4,000, gharama ile ile inakuwa mara mbili. Upande wa pili weka vinavyoliwa na mwendo: mafuta, matairi, oili, filta, breki, ushuru wa barabara. Jumlisha pande zote mbili, kisha ongeza mshahara wako wewe dereva, maana ukijisahau hapo utakuwa unamfanyia kazi mkopeshaji bure.

Halafu usisahau kurudi. Tuseme mzigo ni wa kilomita 1,000, gari linakula lita 38 kwa kila kilomita 100 likiwa limejaa na lita 25 likiwa tupu. Ukienda na mzigo ukarudi mtupu, umechoma lita 380 na lita 250. Bei uliyokubaliana na dalali inapaswa kulipa lita 630 na kilomita 2,000, si zile 1,000 alizokutajia. Dalali atakutajia ya kwenda tu, na atakutajia kwa haraka. Mwambie asubiri, toa daftari, piga hesabu mbele yake. Ukiona haifiki, kataa. Najua kukataa mzigo huku rejesho linakaribia kunatisha, lakini mzigo usiolipa gharama unakuongezea deni na unakuchakazia gari kwa wakati mmoja.

Kwenye mkataba wa mkopo, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Kama ni juu ya deni lililobaki, sawa. Kama ni juu ya deni lote la mwanzo mpaka mwezi wa mwisho, hiyo ni nyingine kabisa: asilimia 12 kwa mwaka ya namna hiyo, kwa miaka 3, ukiilinganisha na ile inayopungua ni kama unalipa zaidi ya 21. Tazama pia kama kuna malipo makubwa yaliyofichwa mwishoni, na kama kuna adhabu ukitaka kumaliza mapema. Mikataba ya kukodi huku unanunua isome mara mbili, maana kwa kawaida gari linabaki kwa jina la mkopeshaji hadi rejesho la mwisho, na ukikwama karibu na mwisho unaweza kupoteza yote uliyokwisha kulipa.

Fungua akaunti ya gari, mbali na yako. Malipo yote yaingie humo. Wewe jilipe mshahara, uwe mdogo, usiobadilika, hata mwezi ukiwa mnono. Kila ukilipwa, toa kwanza fungu la kodi na fungu la matengenezo kulingana na kilomita ulizotembea. Tairi unaliona kwa macho likiisha kidogo kidogo, lakini pesa yake inadaiwa siku moja, na semitrela ya matairi 18 haikudai moja tu. Asiyeweka fungu hilo huyatumia matairi ya tela mpaka nyuzi zionekane, moja likipasuka linabomoa bampa ya nyuma na bomba la upepo, na hapo anakopa kwa vyote vitatu, tena barabarani, ambako hakuna kupatana bei.

Mafuta ni mguu wako. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukishuka kutoka kilomita 100 hadi 85 kwa saa unaupunguza kwa zaidi ya robo. Na usilale injini inaunguruma: hula kama lita 3 kwa saa, usiku mmoja wa saa 8 ni lita 24 bila kusogea hata hatua.

Jambo la mwisho, tafadhali mwoneshe shemeji hesabu zote. Watu wakiona una lori wanaamini una pesa, na maombi yatakuja. Ninyi wawili mkijua kwamba kilichomo kwenye akaunti ile ni dizeli na matairi, itakuwa rahisi kusema hapana. Yeye akikubali kushika daftari, mwachie. Ana mkono makini kuliko wewe, usibishe.

Usisaini bado. Nitumie nakala ya mkataba, kurasa zote pamoja na zile za maandishi madogo, na uniandikie kilomita unazotarajia kwa mwezi na mwenye mzigo analipa baada ya siku ngapi. Nitakaa na karatasi hizo jioni nzima, kisha nikupigie tupitie mstari kwa mstari.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Mimi mwenzako wa barabarani.