Shemeji anajua ni wanajeshi wa udongo, mbona alinyamaza?

Anti shikamoo. Saa tisa usiku hii usingizi umegoma, mke wangu kalala, nikimwamsha atasema ni yaleyale. Na kweli ni yaleyale. Shemeji alinyamaza, mbele za watu, msibani, na anajua.

Mimi na marehemu mumewe toka ujana tulikuwa tunacheza vita, si vya kwenye simu, vya mezani. Ramani tulichora wenyewe kwenye manila tukaigawa vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki, dadu, wanajeshi tunafinyanga udongo, na sheria kaziandika yeye kwenye daftari. Vita yetu kubwa ilikuwa Mahiwa, si unapajua, huko Nyangao, watu wanapita na mabasi ya Masasi hawana habari kwamba Oktoba 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia, pale paliuana watu. Jenerali Beves wa Waingereza akawa anawapeleka watu wake uso kwa uso kwenye mitaro ya Wajerumani, Waingereza wakapoteza zaidi ya 2,000, wengine vijana wa Kinaijeria wa watu, na Lettow, mkuu wa Wajerumani, aliyeshinda naye akabaki hana risasi za maana, mwezi uliofuata kavuka Ruvuma huyo kwa Wareno. Marehemu akipata Wajerumani nilikuwa simuwezi kabisa.

Sasa yeye alikuwa na sheria yake moja, kikosi kisicho na wapagazi hakisogei. Mimi nilikuwa nabisha, mchezo unakuwa mzito, yeye hataki, anasema babu zetu ndio waliobeba hiyo vita kichwani, na walikufa kwa maradhi na njaa wengi kuliko hao wenye bunduki. Kwa hiyo kwenye sanduku vilivyojaa zaidi ni visanamu vya watu wana mizigo kichwani. Waingereza tumewafunga kwenye kitambaa chekundu, Wajerumani kwenye kipande cha kaniki, ili wasichanganyike tu!

Anti umeshaelewa. Mjomba wa marehemu kafungua lile sanduku siku ya tatu, watu wamekaa mkekani, kaniki, nyekundu, visanamu. Akauliza hivi vilikuwa vya kazi gani. Kimya. Mimi nikaanza kueleza, nani anasikiliza, na ndio kwanza wakaniangalia mimi. Shemeji yuko palepale mlangoni. Huyu ndiye alikuwa anatuletea kahawa na kashata kila Jumamosi, anatucheka, "mmefika wapi, Mjerumani keshakimbia?" Neno moja tu lilikuwa linatosha, kwamba ni mchezo. Akainamisha kichwa.

Mimi naswali Anti, kwa mganga sijawahi kukanyaga, na hata yeye. Najua mwanamke yuko eda, kafiwa, ndugu wa mume wamemzunguka na nyumba haijulikani itakuwaje, simlaumu. Lakini alinyamaza! Sasa hivi mtaani nikipita kuna watu wanapunguza sauti. Mke wangu anasema achana nalo, udongo tu huo, si utafinyanga mwingine. Sawa, na mimi sanduku silitaki, lichukueni. Ila daftari lina mwandiko wake, na Mahiwa ya mwisho hatukuimaliza, ilikuwa zamu yake.

Halafu kuna mtoto wao wa kiume, yuko sekondari. Juzi kanifuata kibandani kwangu jioni ananiambia baba mdogo, mjomba kasema siku ya arobaini litachomwa lote, daftari mimi nimeshalificha, nifundishe. Nimemwambia nenda nyumbani mama atakutafuta. Kaondoka, na tangu hapo ndiyo silali vizuri. Nikimfundisha watasema sasa namrithisha mtoto. Nikimkatalia, nani mwingine atamwambia baba yake alikuwa anafanya nini kila Jumamosi? Na mama yake akiulizwa, si atanyamaza tena.

Niende kwa shemeji kabla ya arobaini, nimtume mke wangu aingie azungumze naye yeye maana mimi eda hainiruhusu, au nimwachie kijana aje tu na daftari lake? Mke wangu hataki kwenda. Jibu mapema Anti, arobaini ni wiki ijayo, na jina usiweke, Lindi hii tunajuana.