Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Leseni, Vibali na Usalama wa Mitambo Yetu

Ndugu wanachama, wenye mitambo midogo ya umeme wa maji,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitabaki na hoja moja iliyojirudia vikaoni mwaka mzima: muda wa karatasi ukiisha, mwenye mtambo unaofanya kazi ana uhakika gani wa kupewa tena yeye na si mwingine?

Kwanza karatasi zenyewe, maana bado zinachanganywa. Leseni ya kuzalisha umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Mtambo ulio chini ya megawati 1 umesamehewa leseni, ila husajiliwa. Kibali cha kutumia maji ni jambo jingine kabisa. Kwa mito kama Kikafu, Weruweru na Karanga, hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, hapa hapa Moshi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Sheria hiyo hutanguliza maji ya nyumbani, yakifuatiwa na ya mazingira. Umeme husubiri zamu yake. Leseni bila maji haizungushi tabaini.

Tazameni hesabu hii. Maji nusu mita ya ujazo kwa sekunde, mwanguko wa mita 40, ufanisi wa asilimia 70: 9.81 × 0.5 × 40 × 0.7, yaani karibu kilowati 137. Kibali kikishushwa hadi 0.35 zinabaki kilowati 96. Utaratibu wa mikataba sanifu ya wazalishaji wadogo wanaoiuzia TANESCO unaanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Umeshatoka nje ya mlango, na mtambo wako ni ule ule, mzima.

Ushindani juu ya mitambo iliyokwishajengwa umejadiliwa kwa kina Marekani, na tunayo ya kujifunza huko. Sheria yao ya 1920 iliweka leseni zisizozidi miaka 50. Zilipoanza kuisha, miji ikadai itangulizwe mbele ya makampuni yaliyokuwa yakiendesha mitambo. Mwaka 1980 tume yao ya nishati iliikubalia miji, mwaka 1983 ikageuka, na mwaka 1986 Bunge lao likafuta upendeleo huo kwenye mitambo iliyopo. Leo mwenye leseni hutoa taarifa ya nia walau miaka 5 kabla ya mwisho, na ombi kamili miaka 2 kabla. Akitoa nia, lazima afungue majalada yake, hata mshindani ayasome. Tume hupima usalama, ufanisi na jinsi alivyotimiza masharti ya leseni ya awali. Tofauti ndogo kati ya maombi haitoshi kumnyang'anya. Akishindwa, mshindi humlipa kilichobaki cha uwekezaji wake.

Kwa maoni yangu, kinachomlinda mwenye mtambo ni daftari lake la vipimo vya maji, na hapo ndipo wengi wetu tumelegea. Kwenye banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ubao wa kupimia wenye mwanya wa mstatili wa upana wa mita 1.5 hupitisha nusu mita ya ujazo kwa sekunde maji yakiwa na kina cha karibu sentimita 33 juu ya ukingo. Rula ya kusomea isifungwe ukingoni. Hapo maji yameshaanza kuinama, nawe utaandika pungufu ya unachotumia; mkaguzi akija na kipimo chake utaonekana unaiba maji. Ifungeni nyuma ya ubao, upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, yaani mita 1.3 na zaidi, na sifuri yake ilingane na ukingo wa mwanya. Wakati wa masika, ondoeni tope mbele ya ubao kabla ya kusoma: likijaa, maji hufika kwa kasi na kina kinadanganya. Andikeni pia maji mliyoyaachia mtoni, kwa sababu wenye mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, watakuja kuyauliza na wana haki.

Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani. Huko pia hamtasikilizwa kwa maneno matupu.

Kamati inapendekeza kila mwanachama awasilishe kwa katibu nakala ya kibali, leseni au cheti cha usajili, pamoja na tarehe za kuisha, ili katibu awakumbushe mapema. Atakayeona kiasi cha maji kwenye kibali hakilingani na kile cha mkataba wa kuuza umeme aseme sasa, kabla ya muda kumbana.