Shukrani kwa mama wa Verdon

Mama uliyevaa kofia ya bluu kwenye njia ya Blanc-Martel, Korongo la Verdon, kusini mwa Ufaransa: asante sana, Mungu akuzidishie. Najua husomi Kiswahili, ila kukaa kimya nimeshindwa.

Soli ya kiatu cha mke wangu ilibanduka kwenye ngazi za chuma za Brèche Imbert, vidato 252 vilivyosimama wima kama minazi. Hukuuliza tunatoka wapi. Ulitoa kamba nyembamba mkobani, ukaizungusha kiatu kizima, fundo ukalikaza kwa meno. Kisha ukamvua mwenzako tochi ya kichwani (masikini, hata hakubisha) ukatupa sisi, maana mbele kulikuwa na mahandaki, na lile la Baou ni mita 670 za giza totoro na madimbwi.

Kijana wetu alipotaka kuvuka mto, ulimzuia kwa ishara: mabwawa ya umeme yaliyoko juu yakifungulia, maji hupanda ghafla. Na maji yenyewe ya feruzi, yanavyovutia!

Uliondoka kabla hatujakuuliza jina. Tochi tumeiacha kwa wahudumu wa maegesho ya Point Sublime, ipitie.