Barua kwa mwanangu: pale bibi anapomenya kahawa

Moshi

Mwanangu mpenzi,

Filamu yako nimeiangalia mara tatu. Ya kwanza na mama yako, ya pili peke yangu, ya tatu nimefumba macho, nasikiliza tu. Hongera sana, mama. Ile picha ya bibi anatokeza kwenye migomba alfajiri, ukungu haujanyanyuka, mimi miaka yote niliyobeba kamera sijawahi kumpata hivyo.

Nina ombi moja. Pale bibi anapozungusha mashine ya kumenya kahawa huku anasimulia, umeweka gitaa la bendi ya Mlimani Park, wana Sikinde. Liondoe.

Najua ulikolitoa. Umelikuta humu humu nyumbani, umekua ukilisikia kila Jumapili. Lakini kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Krismasi ya 1983 baba yako mkubwa alikuja likizo na radio kaseti. Akamkalisha babu yako kwenye kibao, pale kihambani, shamba letu la nyumbani Uru, akamrekodi upande mzima wa kaseti ya dakika 60. Babu alieleza nani walichimba mfongo, mfereji wa maji unaopita kwetu, zamu za maji ziligawanywaje, akaimba na nyimbo za kulimia. Walipomaliza, baba mkubwa akavunja vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Babu alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 13 na kichaa cha Sikinde. Jioni moja Radio Tanzania wakaanza kupiga nyimbo zao na sikuwa na kaseti tupu. Nikaitoa ile. Nikatafuna kipande cha karatasi ya daftari, nikakishindilia kwa kidole gumba kwenye tundu la kile kiplastiki kilichovunjwa, nikabonyeza. Nilijua ni ya babu, mwanangu. Nilijiambia nitachukua mwanzo tu.

Zilibaki sekunde arobaini mwishoni. Babu anakohoa, anaagiza maji, kibao kinalia.

Bibi yako hakunipiga. Aliniambia nikachume jani la sale. Nikalileta nimelishika kwa mikono miwili, na unajua kwetu ukiletewa sale huna njia ya kukataa kusamehe. Akalipokea. Ile kaseti hakuitaja tena mpaka leo.

Tangu hapo nikisikia lile gitaa sioni dansi. Nakiona kibao. Mtazamaji wako naye ana lake: mwingine atakumbuka baa ya baba yake, mwingine harusi ya dada yake. Kila mmoja ataondoka na wimbo kwenda kwao, na bibi atabaki peke yake na mashine.

Sasa zima muziki, vaa hedifoni, msikilize. Mashine inalia kila mzunguko, naye anapanga maneno juu ya mlio huo. Mkono ukichoka, sentensi inakatika. Akifika kwenye jina la babu, mkono unasimama kabisa. Maji ya mfongo yanasikika nyuma, kama sekunde sita hivi, kisha anaanza kuzungusha tena. Umeyanasa wewe mwenyewe, na vizuri mno. Lakini chini ya gitaa hakuna atakayejua kwamba alisimama.

Tena huo wimbo umeuombea ruhusa? Sheria ya hakimiliki ipo. Ukiamua kuutumia kwingine kwenye filamu, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza, uulize wenye haki ni akina nani. Wanamuziki wale wengi walizeeka bila kupata walichostahili, na sisi tusiwaongezee.

Umeuliza pia kama kazi hii italipa. Mimi imenilipa Desemba. Wachaga wakirudi nyumbani kuna ubatizo, kipaimara, harusi, matarumbeta juu ya pikapu kutoka kanisani hadi ukumbini, na mimi nyuma yao na kamera. Ada yako ya shule imetoka humo. Filamu zangu mwenyewe nimezitengeneza kati ya Februari na Juni, mvua ikinyesha, simu haiiti. Sioni aibu kwa Desemba hata moja. Kwenye kipaimara nimejifunza kungoja uso wa mama mzazi kuliko nilivyojifunza mahali pengine popote. Kwa hiyo usiache kazi ya mshahara mwaka huu; maliza filamu kwanza, kisha tuongee.

Kaseti ninayo, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Nimeogopa kuicheza kwa sababu utepe umechoka, ukikatika ndiyo basi. Ukija Krismasi, njoo na mashine nzuri ya kunasa, tuicheze mara moja tu, tuzihamishe zile sekunde arobaini. Nataka bibi awepo. Nimemwambia jana. Alinyamaza, kisha akauliza utafika siku gani.

Nimjibu nini?

Baba yako