Malalamiko kuhusu ukaguzi wa majina ya gemu: mlisema jina lipo wazi, halikuwa wazi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: TAARIFA ISIYO SAHIHI KUHUSU UPATIKANAJI WA JINA, NA OMBI LA KUREJESHEWA FEDHA

Habari za kazi. Mimi ni mteja niliyelipia kifurushi chenu cha ukaguzi kamili, kile mnachokitangaza kuwa kinaonyesha jina ni adimu kiasi gani na kama bado linapatikana. Taarifa mliyonipa imeivuruga timu yangu nzima, na majibu ya wahudumu wenu hayakugusa hata chembe ya nilichouliza.

Sisi ni marafiki tunaocheza pamoja gemu ya Minecraft, toleo la Java. Tulikubaliana kila mmoja achukue jina lenye mwanzo mmoja, ili tukiingia kwenye seva tutambulike kuwa ni timu moja. Niliyapitisha majina yote kwenye ukurasa wenu, na yote yakapata tiki ya kijani na neno "Linapatikana". Wenzangu wakabadilisha majina yao, yakakubali. La kwangu likakataliwa papo hapo. Nikarudi kwenu: tiki bado ya kijani. Kesho yake nikakagua tena, kijani vilevile, na gemu ikakataa vilevile.

Hilo si jambo dogo. Kwenye Minecraft ukishabadilisha jina, hubadilishi tena mpaka siku 30 zipite. Wenzangu sasa wamebaki na majina ya timu ambayo nahodha wao, yaani mimi, hana, na hata wakitaka kurudia ya zamani, kwa sasa hawawezi.

Tatizo lenu linaonekana wazi kwa mtu anayeijua gemu hii. Mchezaji akiliacha jina, huhifadhiwa siku 37 kabla ya mwingine kuruhusiwa kulichukua, ili mwenyewe akimaliza zile siku 30 awe na wiki moja ya kulirudia. Muda huo wote ukimtafuta mwenye jina humpati, maana hakuna akaunti inayolitumia. Yapo pia majina yaliyozuiwa kwa sababu ya maneno machafu. Hayo hayana mwenyewe na hayatampata. Programu yenu ikikosa mwenyewe inatangaza kuwa jina lipo wazi. Nyumba kukosa mtu ndani si kwamba inapangishwa! Kampuni inayouza ukaguzi wa majina ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kuijua tofauti hiyo.

Alama zenu za uadimu nazo hazieleweki. Niliandika jina langu kwa herufi ndogo, kisha lile lile kwa herufi kubwa tupu, na alama zikapanda. Kwa Minecraft hayo ni jina moja. Mtu akilichukua kwa namna yoyote ile, limekwenda. Nakubali kwamba jina la nafasi tatu ni adimu kweli: zinaruhusiwa herufi 26, tarakimu 10 na kistari cha chini, kwa hiyo michanganyiko yote ni 50,653 tu kwa wachezaji wa dunia nzima. Lakini ninyi inaonekana mnahesabu urefu na ukubwa wa herufi, basi. Ndiyo maana mchanganyiko usio na maana kama q_7 unalipita kwa mbali neno zuri la herufi sita ambalo kila mchezaji angelitamani.

Ukurasa huohuo uliniambia kwamba kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, jina langu "limechukuliwa". Jina la kuonekana la Steam halina mwenyewe mmoja, hata watu elfu wanaweza kulitumia kwa wakati mmoja. Riot, kampuni nyingine ya gemu, nao huweka kitambulisho baada ya alama ya #, kwa hiyo jina hurudiwa na wengi mradi vitambulisho vitofautiane. Sasa huo uadimu mnaupimaje huko?

Kinachoniuma zaidi ni kisanduku cha "thamani ya soko". Akaunti za Minecraft siku hizi zinafunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, na masharti ya Microsoft hayaruhusu kumhamishia mtu mwingine akaunti hiyo. Wachezaji wengi ni watoto. Mkimwonyesha mtoto bei ya jina lake mnamsukuma kwa matapeli, na akiibiwa akaunti ninyi hamtakuwepo.

Nilipowaandikia wahudumu wenu, niliambiwa matokeo hutoka moja kwa moja kwenye seva za gemu, kisha nikatakiwa nifute kumbukumbu za kivinjari. Nilifuta. Hakuna kilichobadilika.

Naomba nirejeshewe fedha zote za kifurushi. Naomba pia neno "Linapatikana" liondolewe, mahali pake paandikwe kwamba hakuna akaunti inayolitumia jina hilo kwa sasa, pamoja na saa ya ukaguzi wa mwisho. Kisanduku cha thamani kiondoeni kabisa. Na nielezeni bila kuzunguka: majina tunayoyatafuta kwenu mnayahifadhi, na nani anayaona? Orodha ya majina yanayotamaniwa ni mali kwa wale wanaoyawahi ili kuyauza, na sera yenu ya faragha haisemi lolote juu ya hilo.

Nimeambatanisha risiti na picha za skrini zenye tarehe na saa. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeisoma barua hii yote.

Mteja wenu