Tuulizwe thamani ya shamba siku ya kwanza, sio mwaka wa nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hiki kitu kinaitwa mamlaka ya mahakama, yaani kesi gani inaruhusiwa kuiamua, maana huku kwetu Kigoma wengi tunakuja kukijua siku kimeshatuumiza.

Mama yangu ana shamba la michikichi, ekari mbili, aliachiwa na baba yake. Mwaka 2015 jirani akaanza kuvuka mpaka, leo kakata mikungu upande wetu, kesho kang'oa minyaa ya mpakani, tukaona isiwe tabu twende baraza la kata (jina la kata sitalitaja). Wajumbe walitusikiliza vizuri tu, wakaja mpaka shambani wakapima kwa hatua, na kabla hawajaanza katibu aliandika karatasi kwamba pande zote mbili zimekubali baraza hili liamue, mama akaweka dole gumba, jirani akasaini. Tukashinda. Jirani akakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tukashinda tena. Akaenda Mahakama Kuu, na kipindi hicho watu wa Kigoma tulikuwa bado tunaifuata Tabora, kwa hiyo ni treni usiku kucha na mama miguu yake inavimba akikaa muda mrefu.

Siku ya kusikilizwa jaji hakuuliza habari za mpaka wala minyaa. Alifungua jalada, akawa anapitisha kidole karatasi moja baada ya nyingine, alafu akauliza thamani ya hili shamba imeandikwa wapi. Kimya. Hata jirani hakuwa amelilalamikia hilo, jaji ndo aliliibua mwenyewe. Kumbe kwa wakati ule sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ilikuwa inaliruhusu baraza la kata kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi shilingi 3,000,000, na kwenye maelezo yake mama alishasema kabisa kuna mtu alitaka kulinunua kwa milioni saba. Basi. Mwenendo wote, yaani kumbukumbu za kesi, ukafutwa, hukumu ya kata ikafutwa, na ya wilaya nayo ikaondoka kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya ile ya kata. Hiyo ni 2019.

Kwa kweli nilikasirika sana, mpaka baadae wakili mmoja wa msaada wa kisheria aliponikalisha chini akanielewesha. Mahakama au baraza linapata nguvu kutoka kwenye sheria iliyoliunda, halipati kwa sisi wenye mgogoro kukubaliana, kwa hiyo lile dole gumba la mama halikuongeza kitu. Ndo maana hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa muda wowote, hata kwenye rufaa, hata kama kule chini hakuna aliyeisema, na jaji akishaiona hawezi kuifumbia macho. Nikamuuliza sasa Ibara ya 107A ya Katiba si inasema mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, akasema hili sio la kiufundi, huu ndo msingi wenyewe, asiye na mamlaka hata akiamua vizuri ni kama hajaamua. Nikamuelewa na mpaka leo nakubaliana nae, maana ingekuwa ni kukubaliana tu, mwenye hela angekuwa anakuvuta kwenye baraza analotaka yeye, unasaini bila kujua, umekwisha.

Ninachokikataa ni lile swali kuja mwaka wa nne. Jaji aliliona ndani ya dakika tano, kwenye karatasi zilezile zilizokuwa mezani kwa katibu 2015! Na wilayani napo zilipita zikasomwa, hakuna aliyeuliza.

Na kilichopotea sio nauli wala wale mbuzi tuliouza. Mzee aliyeipanda ile minyaa kwa mkono wake, ambae ndo alikuwa shahidi wetu mkubwa, alifariki 2018. Tulipofungua upya 2020 kwenye baraza la wilaya, ambalo kwa kesi ya kudai ardhi linaenda mpaka milioni 300, maneno yake yalikuwa yamebaki kwenye mwenendo uliofutwa, hayahesabiki tena. Mwaka 2022 tukaambulia ekari moja na kipande, kule bondeni kwenye michikichi iliyokomaa kukaenda kwa jirani. Afadhali hatukukwama kwenye muda, kwa sababu kudai ardhi ni ndani ya miaka 12, na sheria ya ukomo wa muda wa kufungua kesi inaruhusu kutohesabu muda ambao mtu alikuwa anahangaika kwa nia njema kwenye mahakama isiyo na mamlaka.

Sasa sheria imebadilika, tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui, na likishindwa kusuluhisha linathibitisha hivyo ndo unaenda wilayani, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda hata bila huo uthibitisho. Lakini mwaka jana mama mmoja hapa sokoni alinionyesha karatasi ya baraza imeandikwa HUKUMU kwa herufi kubwa, na mhuri wa bluu, ameikunja vizuri ndani ya kitenge anaamini amemaliza. Nilikosa la kumwambia. Wengine wanakimbilia polisi wafungue jinai ya kuvamia shamba wakati mwenye shamba bado hajajulikana, wanazunguka mwaka mzima wanaambiwa nendeni kwanza mkamalize umiliki. Na kuna wanaoishi Dar wanataka kufungulia hukohuko kesi ya kiwanja cha Kasulu, wakati kesi ya ardhi inafunguliwa ardhi ilipo.

Ombi langu kwa wanaosimamia mabaraza na mahakama ni kwamba karani wa masijala kabla hajapokea ada amuulize mtu mali iko wapi, ina thamani gani, na umeshapita wapi kabla ya hapa. Kama sio mahali pake aambiwe siku hiyohiyo aende wapi. Na mwenyekiti au hakimu, kesi ikitajwa mara ya kwanza, aandike kwenye jalada kwamba amejiridhisha ana mamlaka na kwa sababu gani, kwa Kiswahili, si ndo lugha ya mahakama tangu 2021, ili mama yangu akisomewa aelewe. Na pale ofisi za kata, kwenye ule ubao yanapobandikwa majina ya wanaopata msaada wa TASAF, bandikeni karatasi moja kubwa isemayo baraza hili linasuluhisha, halitoi hukumu.

Msomaji wako,
Kigoma