Waja leo, waondoka leo? Kwa nini ratiba yetu ya Tanga ina saa tupu

Sisi watu wa Tanga tuna msemo tunaomtania nao mgeni: waja leo, waondoka leo? Kwa kazi yetu ya kutembeza wageni, huo msemo si utani tena. Mtu anashuka basi kutoka Dar es Salaam saa nane mchana, anakimbilia Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, anapiga picha, analala. Asubuhi anarudi zake akisema Tanga hakuna kitu.

Ndiyo maana ratiba yetu ya siku mbili ina jioni nzima ambayo hatukuiandikia chochote. Wateja wengi huuliza kama tumesahau. Hatukusahau. Jioni hiyo tunakupeleka Ngamiani, kwenye baraza la kahawa, tunakaa. Unatoa shikamoo kwa wazee, unangoja marahaba, unasogezewa nafasi kwenye benchi. Kikombe cha kahawa chungu na kashata, basi. Usitoe simu kwanza. Utaulizwa kwenu wapi, wazazi hawajambo, huko mnakula samaki gani. Jibu kwa kituo, nawe uliza.

Mwaka jana mgeni wetu mmoja, mwalimu kutoka Mwanza, alianza kusimulia habari za dagaa wa ziwani. Mzee aliyekuwa akicheza bao akaacha kete mkononi kumsikiliza. Kisha akamwambia kesho ni bamvua, siku maji ya bahari yanapokupwa sana, dada yake anakwenda kuchokoa pweza upande wa Tongoni, kama anataka amfuate.

Tongoni tulikuwa tunaijua kwa magofu: msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, karibu na njia ya Pangani. Ni mahali pa kwenda, na Wareno walipita pwani hiyo. Mwaka 1499 waliichoma meli yao São Rafael huku kwetu. Lakini siku ile magofu tuliyapitia haraka tu. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, na kina mama walikuwa wameshatawanyika, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na kijiti chake.

Mwalimu alikuwa anachungulia kila tundu. Mama, yule dada wa mzee, akamwita: "Usitazame tundu, mwanangu, tazama mlangoni." Akamwonyesha magamba ya kaa na vipande vya kombe vimerundikwa nje ya tundu moja dogo. Pweza akishakula hutupa mabaki nje. Mama akaingiza kijiti taratibu, akangoja, na mkono wa kahawia ukajizungusha kwenye kijiti. Mwalimu alipiga kelele kama mtoto. Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa tumelipita tundu lile bila kuliona.

Tangu siku ile tumebadilisha utaratibu. Kabla hujakata tiketi, tuulize tarehe: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku nyingine mwamba hauonekani vizuri. Kijiji kikiwa kimefunga mwamba ili pweza wakue, hatuendi, hata kama umeshalipa. Tutakurudishia pesa yako. Mama anayekuongoza unamlipa mkononi mwake, sisi hatukati chochote. Pweza ukimtaka, bei ni yake. Picha ni baada ya kuomba, na akikataa amekataa. Njoo na viatu vya mpira vyenye soli ngumu, maana mwamba unakata, na nguo inayofunika magoti.

Hatuwezi kukuahidi kwamba nawe utaalikwa. Kuna jioni watu barazani wamechoka, au kuna msiba mtaani, na unakunywa kahawa yako unarudi kulala. Wageni wa namna hiyo tunawaomba wabaki usiku mmoja zaidi, na kwa usiku huo hatuwatozi malipo ya kutembezwa.